Kwinoa Fupi ya Shamba la Chini

Mishi mwanangu,

Shikamoo yako niliipokea asubuhi, na dua nitakuombea kesho ukiwa mlangoni, kwa hiyo tusipoteze karatasi kwa salamu. Wewe na baba yako mmekwenda Ukunda kutafuta sanduku lenye magurudumu, nami nimepata mwanya baada ya sala ya alasiri. Wali uko jikoni, moto nimeupunguza. Nimekaa kibarazani na kalamu yako nyekundu, ile ya kusahihishia, maana nyingine sikuiona.

Sitakuambia uchukue sweta. Shangazi yako amekwisha kukueleza baridi ya Marsabit utadhani amezaliwa huko, na yeye mwisho wake ni Malindi. Kula na kulala ni juu yako. Wewe ni mwalimu, unakwenda kuwaambia watoto wa wenzako mambo hayo hayo. Mimi nataka kukuandikia habari za shamba la chini na kwinoa yetu. Tulikuwa pamoja, najua. Lakini tulikuwa tukikimbizana na kazi, na mengi niliyokuwa nayo moyoni sikuyasema. Leo nimetulia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza nimekaa hapa kibarazani bila kuangalia mawingu.

Ulikuwa bado chuoni maji ya bamvua yalipovunja boma. Boma lile la udongo babu yako alilijenga mwenyewe ili bahari isipande kutoka kwenye mikoko, na sisi watoto wake tukaliacha kaa walitoboe mwaka baada ya mwaka, kila mmoja akidhani mwenzake ataliziba. Masika ile maji makubwa yakakutana na mvua, boma likafunguka, na asubuhi nikakuta visamaki vimelala katikati ya mpunga. Maji yalirudi yalikotoka, chumvi ikabaki. Jua lilipowaka udongo ulipata utando mweupe kama unga wa muhogo uliomwagika. Mpunga ukawa manjano wote. Minazi ya ukingoni ikaanza kudondosha vidaka, nazi zikiwa bado changa.

Mjomba wako Bakari alikuja Ijumaa moja baada ya sala, na kanzu yake, akavua viatu na kuingia shambani. Alitembea mpaka mwisho, akarudi. Mimi nilikuwa nimesimama njiani namngojea.

"Mwanasiti," akaniambia, "hili shamba limekufa. Kuna watu wanatafuta mahali pa kujenga nyumba za wageni karibu na maji. Tuliuze tugawane."

Hakusema kwa ubaya. Yeye ndiye mkubwa wetu, na marehemu babu yako alimwachia neno la mwisho kuhusu ardhi. Alikuwa amechoka kuulizwa na wadogo zetu kwa nini shamba lile halileti kitu. Lakini mimi nilisikia kama ananihukumu mimi, kwa sababu ndiye niliyebaki hapa nikililima wakati wao wamekwenda Likoni na kwingineko. Nikamjibu kuwa shamba halijafa, kuwa kuna kitu nitakipanda na kitaota. Kitu chenyewe sikukijua, Mishi. Nilisema tu kwa sababu yeye alisema haiwezekani. Nilianza kazi ile ili nimshinde ndugu yangu, na karibu kila nilipokosea baadaye chanzo kilikuwa hicho.

Wakati huo nilikuwa nikipeleka mchicha na mabamia kwenye jiko la hoteli moja ya Diani. Mpishi wa pale ni yule Wambua uliyemjua baadaye, Mkamba mrefu anayependa mzaha. Siku moja nilimkuta anachemsha vijipunje vidogo, vidogo kuliko mchele, vikubwa kidogo kuliko wimbi, na kila punje ilikuwa imejifungua na kutoa kijimkia. Nikamuuliza ni nini.

"Mathe, hii inaitwa kwinoa," akaniambia. "Wageni wanapenda hii kitu kuliko wali. Inatoka mbali sana. Na wanasema hata kwa chumvi inamea."

Hilo neno la chumvi ndilo nililoondoka nalo. Nilimwomba konzi moja, akanifungia kwenye karatasi, na nilipofika nyumbani sikula chakula, nilikwenda moja kwa moja shamba la chini. Nikachimba, nikafukia, nikamwagilia maji ya kisima. Hakuna kilichoota. Nikangoja, nikafukua kwa kidole, nikakuta punje zimeoza. Nilikuwa nimepanda chakula. Punje za dukani zimekwisha kukobolewa na kusuguliwa, kiini chake kimekufa. Ni sawa na mtu kupanda mchele wa pishori. Mimi, mtoto wa mkulima, niliyekulia kwenye majaruba, nilipanda mchele. Hadithi hiyo sikukusimulia kamwe, na baba yako alinisitiri, hakunicheka mbele yako. Sasa unaijua, uicheke ukiwa huko.

Wambua alicheka kwa niaba yenu wote. Lakini alikuwa na rafiki aliyekuwa akilima kwinoa kule Nyahururu, na rafiki huyo alituletea mbegu za kweli. Ndipo ukarudi wewe kutoka chuoni, na cheti chako, ukingoja kuajiriwa. Unakumbuka vile vifurushi vinne kwenye meza? Nyeupe ndefu, nyekundu, nyeusi, na ile fupi ya rangi ya majivu ambayo hakuna aliyeitazama mara mbili. Rafiki wa Wambua alieleza kuwa hiyo ya mwisho asili yake ni pwani ya huko kwinoa inakotoka, si milimani kama nyingine, naye hakuwa na haja nayo kwa sababu kwake baridi ilikuwa ikiidumaza. Wewe ulilishika neno hilo la pwani. Mimi sikulisikia hata. Nilikuwa nimeshika nyekundu mkononi, nawaza itakavyopendeza ikiwa kando ya njia, watu wakipita waione.

Tukapanda na mvua za vuli. Nikaipa nyekundu mahali pazuri, mbele kabisa. Nyeupe ikafuata, nyeusi nyuma yake. Fupi niliisahau ndani ya kifurushi, na wewe ndiye uliyeimwaga kwenye kipande cha mwisho kule karibu na mikoko, mahali ambapo mimi nisingepanda hata magugu. Majirani wakawa wanapita na kusema ni mchicha wa Wazungu, na kweli majani yake yalikuwa na undugu na mchicha. Nyekundu ikapanda mpaka kifuani mwangu. Masuke yakatoka, mazito kwa kuyatazama, rangi ya zambarau na rangi ya damu. Nikashindwa kujizuia. Nikatuma watu wakamwite kaka Bakari aje aone shamba lililokufa.

Akaja, akaangalia, na uso wake ukafunguka. Alikuwa na furaha ya kweli, Mishi. Nataka ulijue hilo, kwa sababu kwa muda mrefu wewe ulimwona kama adui. Alishika suke moja, akalisugua kiganjani kama afanyavyo mtu kwa mtama, akapuliza. Makapi yakaruka yote. Kiganjani hakikubaki kitu. Akasugua jingine, likawa hivyo hivyo. Mapepe matupu, shamba zima. Maua yalifunguka jua la kaskazi likiwaka, na kwa joto lile yakaungua kabla hayajashika punje. Wakati huo hatukulijua hilo. Nilijua tu kuwa ndugu yangu ameufunga mkono wake taratibu na kuuweka mfukoni, ili asinionyeshe kuwa ni mtupu.

Hakunicheka. Ingekuwa rahisi kwangu kama angenicheka.

Ile fupi hatukuiangalia hata siku ile. Wewe ulikwenda baadaye peke yako, ukarudi na vipunje visivyozidi konzi moja ndani ya upindo wa leso yako, ukaniwekea mbele yangu. Ukasema fupi imezaa kidogo. Nami nikakujibu kwa ukali kuwa kidogo hakitoshi. Nilikuwa nimeumia, na aliye karibu ndiye anayepata shida. Ulivikusanya vipunje vyako ukatoka navyo. Nimeikumbuka sana siku hiyo wiki hii, nilipokuwa nakusaidia kukunja nguo.

Zile mbegu zilizobaki, za aina zote, nilizitia kwenye mkebe na kuuweka juu ya meko, mahali tunapohifadhi mahindi ya mbegu. Mahindi yanapenda moshi. Kwinoa haipendi joto wala unyevu, na jikoni kwangu vyote viwili vipo. Masika ilipofika tukapanda, na karibu zote hazikuota. Badala ya kujiuliza, nikapanda gari mpaka Diani na kumwambia Wambua mbele ya vijana wake wa jikoni kuwa rafiki yake ametupa mbegu mfu, kuwa watu wa bara wametuona sisi wajinga. Alinisikiliza akiwa amesimama na kisu mkononi, vitunguu vimekatwa nusu. Halafu akaniuliza kwa utulivu nilizihifadhi wapi.

Nikamwambia: juu ya meko. Akarudi kwenye vitunguu vyake. Nikashuka ngazi za nyuma za hoteli nikijua nimekosa na sina pa kuuficha uso. Ilinichukua muda kurudi kumwomba radhi, na niliporudi nilikuwa nimechukua bamia nyingi kuliko kawaida, kana kwamba bamia ndiyo itakayosema kwa niaba yangu. Wambua akapokea kikapu, akaniambia, "Mathe, hiyo iliisha siku ile ile." Nikajiona mdogo, lakini pia nikajisikia mwepesi. Nilikuwa nimebeba mzigo ambao mwenzangu alikwisha kuutua zamani. Ukifika huko, ugeni utakufanya uwaseme watu kwa haraka. Mimi nilisema haraka hapa hapa kwetu, kwa watu ninaowajua. Sina zaidi ya hilo la kukuambia.

Na wewe wakati huo wote ulikuwa na zile punje zako za upindo wa leso. Ulizikausha kivulini, ukazitia kwenye chupa ndogo yenye kizibo cha kukaza, pamoja na mkaa kidogo wa kunyonya unyevu, ukaiweka chini kando ya mtungi wa maji ambapo pana ubaridi. Hukuniambia, kwa sababu nilikwisha kukuambia kidogo hakitoshi.

Halafu yakaja yale mazungumzo ya ukumbini. Kaka Bakari alikuja na dalali. Mtu mwenyewe alikuwa mpole, mwenye adabu, akanipa mkono na kuniita mama. Tukanywa chai. Mjomba wako akaeleza kuwa wadogo zetu wote wamekubali kuuza, amebaki kuniuliza mimi tu, na kwamba ameningoja kwa subira. Ilikuwa kweli, alikuwa ameningoja. Hasira zilikuwa zimekwisha, na bila hasira nikagundua sina kitu kingine nilichokuwa nimekiweka akiba. Nilikuwa naelekea kukubali. Leo nakuambia waziwazi: neno la ndiyo lilikuwa limeshafika mdomoni.

Wewe ulikuwa umekaa karibu na mlango na sinia la mahamri. Ukasema, "Mjomba, niwie radhi kwa kuingilia. Naomba kipupwe kimoja tu."

Akakuuliza kwa nini kipupwe. Ukamweleza pole pole, kama unavyowaeleza watoto. Kuwa mwaka jana maua yalichanua kwenye joto kali. Kuwa tukipanda masika inapokaribia kwisha, mvua itakuwa imeisukuma chumvi chini, na maua yatafunguka kwenye ubaridi wa kipupwe. Kuwa ile fupi ilizaa hata kwenye joto, ingawa kidogo. Hukujigamba wala hukumlaumu mtu. Hukusema habari za babu wala urithi, vitu ambavyo mimi ningeanza navyo. Ukaomba muda tu. Dalali akatazama kikombe chake. Mjomba wako akasema, "Kimoja. Kikipita, usiniombe cha pili." Nawe ukasema hutaomba.

Nilikwenda kuosha vikombe. Nilijiuliza ni kwa nini jambo alilolipata binti yangu kwa sentensi chache, mimi nililipigania miaka mitatu na kulikosa.

Wambua akatupatia mbegu nyingine kwa yule rafiki yake, za aina tatu. Fupi tulikuwa nayo kwenye chupa yako. Safari hii nilikuachia upange wewe. Ukafunga vipande vya leso kuukuu kwenye vijiti, kila aina na rangi yake, na shamba lote likawa kama limevaa. Fupi ukaiweka katikati ya shamba la chini, kwenye matuta. Na hapo tena nikafanya langu. Asubuhi moja niliamka na bidii, nikaingia kupalilia kabla hujaamka, nikang'oa tuta zima la fupi nikidhani ni mchicha mwitu. Ulinikuta nimejaza kikapu. Nilidhani utalia. Ukakaa chini ukacheka mpaka ukashika tumbo, na jioni tukazipika zile mboga kwa nazi, na baba yako akasema ni bora kuliko mboga yake ya mtsunga. Ile ndiyo siku nilipoanza kupumua, ingawa hatukuwa na uhakika wa chochote. Tuliiharibu kazi yetu, na bado tukala pamoja tukicheka.

Sasa nafika mahali pagumu kidogo. Nyeusi ilikuwa imeshikwa na ukungu kwenye majani na inakufa, nyekundu ilikuwa inarefuka bure kama desturi yake, na fupi ndiyo kwanza inachanua, ulipoitwa kuchukua kazi. Mwalimu, Marsabit, uripoti mwezi unaofuata. Ulikuwa umeingoja kazi hiyo tangu ulipomaliza chuo. Baba yako akaisoma barua mara mbili kwa sauti. Na wewe ukanifuata jikoni, ukaniambia, "Mama, naweza kuwaomba wanisogezee mbele, mpaka tuvune."

Nikakujibu, "Tutaona."

Mzazi mwingine angekuambia pale pale uende. Mimi nilisema tutaona, na nilijua vizuri maana yake. Nilitaka ubaki. Nilikuwa naogopa siku ambayo mjomba wako angekuja asikukute, nami nisiwe na sentensi zako. Nilikesha nikihesabu kwa moyo kama fupi itawahi kabla ya safari yako au haitawahi, na sikuwa nikiombea shamba peke yake. Nilikuwa nikiomba nisifike kwenye siku ya kukujibu.

Sikufika. Fupi iliwahi. Majani yakawa ya manjano, yakaanguka, masuke yakakauka yakawa rangi ya mchanga. Ndege walikuja, wakaonja, wakaondoka, maana punje za aina ile ni chungu kabla ya kuoshwa. Mvua ndogo ikatishia kisha ikapita upande wa Vanga. Tukavuna, mimi na wewe na baba yako, tukatandaza maturubali, tukapura kwa fimbo, tukapepeta kwenye ungo. Na safari hii makapi yaliporuka, ungo ulibaki mzito. Ulinitazama tu, nami nikakutazama, na baba yako akakaa chini kwenye mchanga kama mtu aliyefika kutoka safari.

Nashukuru kwa mavuno. Lakini nakuambia ukweli wangu, mwanangu: nashukuru zaidi kwamba hukulazimika kuchagua, na mimi sikulazimika kuonekana ningesema nini. Sijui ningekuambia nini. Nimejichunguza na bado sijui. Nimesamehewa mtihani ambao pengine ningeanguka, na nimeamua kuipokea nafuu hiyo kama ilivyo, bila kujipamba.

Mjomba wako alikuja siku ya pili yake. Hakuja na dalali. Akachota punje, akazitia mdomoni kabla hujamwahi, akazitema papo hapo, uso wote umekunjamana. Ukamwomba radhi, ukachukua bakuli, ukaanza kuziosha mbele yake. Povu likapanda kama la sabuni. Ukamwaga, ukaosha tena, ukamwaga tena, mpaka maji yakatoka safi, naye akikuangalia kama anaangalia mazingaombwe. Mimi nikazipika kwa tui, nikaweka na mchuzi wa samaki changu. Akala. Akaongezwa akala. Alipomaliza alikwenda shamba la chini peke yake, na sisi tukabaki tukijifanya tunaosha vyombo.

Alirudi akasimama hapa kibarazani, viatu mkononi, miguu imejaa tope.

"Nilisema shamba limekufa," akasema. "Halijafa. Basi. Dalali nitazungumza naye mimi, na wadogo zetu nitawaambia mimi."

Halafu akanigeukia. "Mwanasiti, lile boma lazima tulizibe. Nitakuja na wanangu."

Nilipanga kwa miaka mitatu maneno ya kumwambia siku nitakapomshinda. Nilikuwa nayo mazuri. Sikulikumbuka hata moja. Nilimwambia, "Karibu, kaka," na nilimaanisha. Juzi walikuja kweli, yeye na wanawe, wakaanza kuziba. Baba yako aliwaonyesha namna ya kushindilia mawe. Niliwasikia wakibishana, na ulikuwa ubishi wa watu wanaojenga kitu chao.

Sikudanganyi kuwa sasa tumekuwa wakulima wakubwa. Nyeupe ilizaa kiasi kule juu kwenye udongo usio na chumvi, nami nitaijaribu tena. Nyekundu nimeachana nayo, ingawa nitapanda miche yake michache karibu na mlango kwa sababu ni nzuri, na sioni haya kulisema hilo. Nyeusi haipatani na unyevu wetu. Tumebaki na fupi. Wambua amesema jiko lake litaichukua, na majirani wawili wa Kinondo wameomba mbegu. Mbegu nimezihifadhi kama ulivyonifundisha, ndani ya chupa, kwenye mkaa, mbali na meko yangu.

Jambo moja ndilo linaloniuma kidogo, na nalitaja kwa sababu linarekebishika. Tangu uliporudi kutoka chuoni, mimi na wewe hatujazungumza kitu kingine. Ukiamka, kwinoa. Tukila, kwinoa. Ulikuwa na rafiki aliyekuwa akikupigia simu jioni ukaenda kusimama kule nyuma ya choo, nami sijakuuliza hata jina lake. Ulipoteza uzito mwaka jana, nikadhani ni jua. Sijui unaogopa nini kuhusu Marsabit, wala unafurahia nini. Najua urefu wa kila mche uliopanda, na sijui mwanangu anaota nini.

Basi ukipiga simu, usianze na shamba. Usiniulize mvua, usiniulize chumvi, usiniulize mjomba amefikia wapi na boma. Niulize nimelalaje. Nami nitakuuliza darasa lako limekaaje, watoto wanakuitaje, huyo wa simu ya jioni ni nani kama unataka kunieleza, na kama hutaki nitakuuliza umekula nini na wenzako wamekupokeaje. Tutajifunza upya kuzungumza. Ikiwa tutanyamaza kidogo kwenye simu kwa kukosa la kusema, usiikate. Mimi nitakuwa nipo upande wa pili, nasikiliza tu unavyopumua.

Nasikia harufu ya wali kushika chini. Na nasikia sauti yako njiani, unamwambia baba yako kuwa gurudumu moja linalia. Ngoja niikunje karatasi hii kabla hujafika.

Aliyekuzaa na anayekuachia njia,
Mama